Mkono Unaojaza Meka

Alikuwa na tabia ya kukupa mgongo. Umeingia kwake, umeketi, umekunywa maji ya kikombe chake cha bati; anakusogezea ndoo ya maharagwe na kopo tupu, anakuambia neno moja, "Jaza," halafu anainuka, anakwenda dirishani na kukuonyesha kola ya nyuma ya koti lake jeupe, ile iliyochanika na ambayo hakutaka kabisa ishonwe. Mara yangu ya kwanza nilichukia. Mimi ni muuza unga katika soko la Kolwezi, na mzee huyu alikuwa mteja wangu wa miaka. Alijua bei yangu na alijua matabishi yangu, yaani kile kidogo cha bure tunachoongeza juu ili mtu arudi kesho. Leo nimeletwa kwake na kaka zangu, mmoja kila upande kama askari, na yeye ananipa mgongo! Nikasema moyoni, huyu naye ni mgonjwa, wamemvalisha nyeupe tu.

Tulimwita Tata Munganga. Kazi yake hasa ilikuwa uuguzi wa watu wenye matatizo ya akili, lakini kwetu yeyote anayekushika kifundo cha mkono kusikiliza damu yako ni munganga, na tata ni heshima ya mwanaume mzima, basi habari imekwisha. Alizaliwa wapi na nani, sikuwahi kuuliza. Mtu akikukuta umekaa chini hata hujui tena urefu wako, akakusimamisha, humuulizi cheti cha ubatizo.

Ninamwandika sasa kwa sababu mwaka huu aligombaniwa. Alikuwa amestaafu, akaanguka bafuni, akapona, lakini binti yake akaingiwa na hofu akamchukua kwenda naye Fungurume, kwenye nyumba yenye ukuta mrefu karibu na barabara ya malori. Binti akasema, anabaki hapa. Sisi wa Kolwezi, tuliopita mikononi mwake, tukasema arudi. Mimi nilikwisha kupaka chokaa chumba cha nyuma ya nyumba yangu na kununua kitanda. Na huko Musumba, mwisho wa barabara isiyo na huruma kwa magari, kulikuwa na dada yake mkubwa aliyepiga simu kila Jumapili kusema aletwe kwake. Kila mtu alivuta mkono wake, na kila mtu alikuwa na sababu nzuri. Mimi nilijua ya kwangu ndiyo nzuri kuliko zote. Nitafika huko, kwanza mumjue.

Tuanze na meka, maana wengine hamjawahi kupita kwetu. Meka ni kopo la kupimia unga sokoni. Siyo kilo, siyo litre, ni meka, na ugomvi wote wa soko unatoka humo. Muuzaji mjanja anasukuma kitako cha kopo kwa ndani ili lipokee kidogo. Mnunuzi mjanja analigeuza kwanza na kulichungulia matakoni. Lakini sheria ni moja: mkono unaojaza ni wa muuzaji. Mnunuzi anaweza kulia, kutukana, kuita mashahidi, kumtaja Mungu, meka haigusi. Akiigusa ni vita.

Siku moja, kabla sijaugua, Tata Munganga alikuja kununua unga akasimama kando kwa muda mrefu akitazama wateja. Kisha akasema, "Mama Bunga," maana unga kwetu ni bunga, "unipe hii meka."

"Nikuuzishe bunga ao nikuuzishe kazi yangu?"

"Meka tu. Bunga ubaki nayo. Na unyoshe kwanza hii kitako yake, ju hii umeiingiza ndani kabisa, mama, haya haikushike?"

Nikajua anataka kufungua biashara mbele ya lango la kituo cha afya awauzie wagonjwa. Nikamuuliza hivyo hivyo.

"Hapana," akasema. "Nataka kuuliza batu maisha yabo iko namna gani."

"Na meka?"

"Na meka."

Weh! Tulimcheka na wenzangu mpaka tukashika mbavu. Lakini nilimpa, na nikainyosha kitako kwa nyundo, nikiwaza kwamba sasa kuna meka moja ya haki katika Kolwezi nzima na imekwenda kukaa kwa wendawazimu.

Baadaye ndipo alinieleza. Kituoni walipewa karatasi za maswali ya Kifaransa: mgonjwa aseme mwenyewe maisha yake anayaonaje, usingizi, marafiki, kazi, heshima nyumbani, atoe alama. Wazo alilipenda sana. Alisema daktari anaweza kuona kama homa imeshuka, lakini kama maisha yamerudi anajua mwenye maisha tu. Shida ilikuwa sisi. Watu wa Kolwezi tuna adabu mbele ya koti jeupe. Unamuuliza mtu aliyeletwa amefungwa kamba, anajibu, "Bien, Tata. Bien, aksanti." Karatasi nzima bien, yaani vizuri, juu mpaka chini. Kumbe siku ile kwangu alimwona mama mmoja wa kwaya, mtu ambaye kanisani hata kukohoa anakohoa kwa unyenyekevu, amesimama mbele ya meka yangu akipiga kelele: "Haijajaa! Mi naona kabisa haijajaa! Ongeza!" Akafahamu. Mbele ya meka hakuna mtu wa Kolwezi anayesema bien.

Kwa hiyo akaweka meka mezani, na akageuza sheria ya soko: hapa mkono unaojaza ni wa mnunuzi. Meka ikijaa, maisha unayoyaishi yanakutosha. Ikiwa tupu, hayapo. Na mgongo ule niliouchukia ulikuwa na maana yake. Aligundua kwamba watu walijaza huku wakimtazama usoni, akitabasamu wanaongeza ili kumfurahisha. Akaamua uso wake autazamishe barabara. Mwanzo alitumia unga; daktari kijana aliyepita kila wiki ndiye aliyesema jamani tubadilishe, upepo unaniingizia unga wa bukari kwenye miwani. Wakaweka maharagwe. Walisikilizana sana wale wawili. Daktari alileta maarifa ya dawa, mzee akaleta kopo, na hakuna aliyemdharau mwenzake.

Sitaeleza sana nilivyougua. Sikulala; nikasikia malori ya shaba yanataja jina langu yakipita; na asubuhi moja nikaanza kugawa unga bure kwa kila anayepita. Mama Bunga kutoa unga bure! Hapo soko zima likajua kwamba nimeugua, kaka zangu wakaitwa.

Dawa zilifanya kazi. Malori yakanyamaza, usingizi ukarudi, nyumbani wakatoa shukrani kanisani kwa ngoma. Siku ya kurudi kituoni kaka yangu mkubwa alijibu kwa niaba yangu kabla sijafungua mdomo: "Tata, tunashukuru Mungu. Anakula, analala."

Hapo nilimwona Tata Munganga akikasirika kwa mara ya kwanza. Sauti haikupanda, ila miwani ilipanda. "Anakula, analala," akarudia. "Hata mbuzi anakula, analala. Mi sikuuliza juu ya mbuzi." Akamtoa kaka yangu nje, kwa heshima, akiwa amemshika kiwiko, kisha akanisogezea ndoo na kwenda dirishani.

Nikashika maharagwe. Nikatia konzi moja. Nikataka kuongeza, ili nisiwaaibishe watu waliocheza ngoma kanisani kwa ajili yangu, mkono ukakataa. Alipogeuka akatazama humo ndani bila kushtuka.

"Nini imepunguka?" akauliza. Hilo ndilo lilikuwa swali lake la pili siku zote.

Kisha akangoja. Lo, alivyojua kungoja! Alikuwa na jiko dogo la makaa nje na birika juu yake. Birika lilichemka likatulia, na yeye bado ameketi. Mwishowe nikasema, "Mdomo."

"Mdomo gani?"

"Wangu. Iko nzito. Iko kavu. Muntu anakuya, anasema bei yake, mi naitika. Tata, mi naitika tu!" Nikalia kama mtoto. Nilikuwa sisikii sauti tena, kweli, lakini na ile yangu nilikuwa siisikii.

Hakusema jambo kubwa. Aliketi na daktari, wakazungumza mbele yangu, siyo nyuma ya mlango. Daktari akapunguza dawa kidogo na kuniapisha nisiache hata moja kwa akili zangu, akaniambia tutatazama meka pamoja. Tata Munganga akaniongezea dawa yake mwenyewe: kila siku ya soko nigombane na mteja mmoja juu ya bei, nimshinde, nije kumsimulia. Mwezi kwa mwezi konzi zikaongezeka. Halafu akaja mwenyewe kununua unga, akataja bei ya kipuuzi. Nilimtazama juu mpaka chini. Nikamuuliza kama hiyo ni bei ya unga ama ya vumbi la viatu vyake, nikamwambia kwamba mtu mzima mwenye mwavuli kama ule hana aibu, na kwamba wateja wa maana wananipita hivi kwa sababu yeye amesimama mbele na kola iliyochanika. Alifunga mwavuli akapiga makofi peke yake katikati ya soko. "Amepona!" akapaza sauti. "Mama Bunga amepona, ananitukana!" Nilifurahi siku hiyo kuliko siku ya harusi yangu, na marehemu mume wangu anisamehe.

Huo mwavuli. Aliubeba masika na kiangazi. Masika ni mvua, alisema, kiangazi ni vumbi la malori, na kati yake kuna mbwa. Aliwaogopa mbwa kupita kiasi. Mtu aliyeweza kukaa chini sakafuni na kijana mwenye panga mkononi, akazungumza naye mpaka panga likawa kitu cha kukatia muwa wanaogawana, mtu huyo aliona kijibwa cha jirani akapanda juu ya benchi.

Alikuwa na mengine ya namna hiyo. Kwa mgonjwa alingoja kama nilivyosema, lakini umweke kwenye foleni ya bomba la maji au ya benki, alitoka baada ya dakika chache akinung'unika kwamba maisha yanapotea. Alihubiri haki ya meka, na kwenye mchezo wa dame, yaani drafti, aliiba vifuniko vya chupa bila haya. Tulicheza chini ya paa la kituo, vifuniko vya bia vikiwa vyeupe na vya soda vikiwa vyeusi, na ukigeuka tu kupiga chafya, mwanajeshi wako mmoja ametoweka. Ukimshtaki anakuuliza kwa sauti ile ya ofisini, "Na wewe unajisikia namna gani juu ya hiyo?" Na ubaya wake mkubwa kwangu ulikuwa huu: alituuliza sote, na yeye haulizwi. Ukisema, "Tata, na wewe je?" anajibu, "Niko, mama. Niko." Nimemjua miaka yote hiyo, hakunipa zaidi ya hilo.

Kulikuwa na kijana mmoja mchimbaji, hawa wanaotoka pande zote za Congo kuja kuchimba shaba na kobalti kwa mikono. Yeye alisikia sauti, na dawa zilizipunguza lakini hazikuzimaliza. Daktari alikuwa anafikiri kuongeza. Tata Munganga akasema, kwanza ajaze. Kijana akajaza karibu mpaka juu, akaacha nafasi ya kidole.

"Nini imepunguka? Ni zile sauti?"

"Hapana, Tata. Zile nishazizoea, ni kama majirani wa parcelle, wa ua mmoja. Zinasema, mi natoka naenda kazi." Akagusa ile nafasi ya kidole. "Ni sahani. Kwa yaya wangu, dada yangu mukubwa, bananipatia sahani ya peke yangu. Njo hiyo."

Basi dawa hazikuongezwa. Jumapili hiyo Tata Munganga alikwenda kwa dada wa kijana bila kualikwa, na mwavuli wake, saa ya chakula. Walimwekea kiti na sahani nzuri. Akaacha kiti, akaketi mkekani karibu na kijana, akanawa, akamega bukari, ndio ugali wetu, kwenye sahani ya yule kijana, akachovya mchuzi wa samaki, akala. Mzee samaki alikuwa hawezi hata kumnusa, sote tulijua! Alikula mpaka kichwa. Watoto wakasogea. Dada mtu akasimama kidogo mlangoni, kisha akaleta bukari yote akaimimina kwenye beseni moja na kusema, "Sasa tule." Kijana alitusimulia akicheka kwamba alipomsindikiza mzee barabarani, mzee aliegemea ukuta akaomba maji, na akaomba pia asipewe samaki tena maisha yake yote.

Lakini siyo kwamba hakukosea. Kulikuwa na mzee wa kwetu, nasema wa kwetu maana babu zetu walitoka Kasai pamoja kuja kufanya kazi migodini, na kiburi chetu tulikuja nacho. Baada ya kustaafu alikuwa amezama katika huzuni nzito. Kila akija alijaza meka ikafurika, na kuongeza mlima juu. Tata Munganga alijiwekea sheria ya kuamini mkono wa mtu, akaamini, akaanza kumpa tarehe za mbali. Baada ya miezi mke wake alimleta akiwa mfupa na ngozi. Nilikuwepo, nilikuja kwa tarehe yangu. Nilimwona Tata Munganga akitoka nje, akaketi kwenye jiwe, mwavuli umefungwa ingawa jua lilikuwa kali. Aliporudi ndani hakumwambia yule mzee umenidanganya. Alimuuliza tu kwa upole, "Tata, ile meka ya zamani, ni nani aliijaza?"

Yule mzee akatazama mikono yake. Akasema, "Ilikuwa juu ya bibi yangu. Asisikie haya ku kanisa." Na alipomaliza kusema hivyo akajaza upya, vipunje vichache tu vilivyofunika kitako, na matibabu yake yalianzia hapo. Alipona taratibu, leo anaimba besi na anatukera. Ndivyo swali la tatu lilivyozaliwa, na tangu siku ile hata meka ikijaa namna gani, Tata Munganga aliuliza: nani amejaza?

Sasa mjue na furaha zake, maana mtu huyu alikuwa mtu wa furaha. Mwaka mmoja aliona kwamba wengi wetu, tukiulizwa kilichopungua, tulijibu kwa maneno tofauti jambo moja: kutoka. Watu walituficha ndani. Akakodi basi dogo akatupeleka Nzilo, kwenye maji ya bwawa, kule umeme wetu unakotoka, ingawa wengi tulikuwa hatujauona bado nyumbani kwetu jioni. Dereva alipoambiwa abiria ni wagonjwa wa akili alijifunga mkanda mara mbili. Kule tulichoma kuku, tukacheza, mzee wa besi akaimba. Tata Munganga alivua viatu, akaingia majini mpaka magotini na mwavuli umefunguliwa, akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia, na kumpungia mkono ndege. Dereva alitazama kwa wasiwasi. Mwisho akamwendea yule kijana mchimbaji, ambaye alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na kukaa kwa utulivu akimenya chungwa.

"Docteur," akamnong'oneza, "samahani. Ule mugonjwa wa parapluie, mumushike. Ataingia mu mayi kabisa."

Kijana alimenya chungwa lake mpaka mwisho. "Usiogope," akajibu. "Ule tunamujua. Anakula, analala." Tuliposikia, tulianguka chini kwa kicheko, na Tata Munganga kule majini akauliza tunacheka nini.

Haya. Ndiye mtu niliyekwenda kumchukua Fungurume Jumamosi ile. Nilibeba meka yenyewe. Alinirudishia alipostaafu, kitako kimenyooka vile vile. Nilibeba na mfuko wa maharagwe, na hotuba nzima kichwani.

Binti yake alinipokea vizuri, ni mwanamke mwema, anafanya kazi ya ofisi na anachoka. Nikauliza hali ya mzee. Akasema, "Tata iko bien, mama. Anakula, analala."

Nilimtazama kuona kama anatania. Hakutania.

Mzee alikuwa sebuleni mbele ya televisheni, mwavuli magotini, ndani ya nyumba. Amepungua. Nikamsalimu, nikamuuliza habari. "Niko, Mama Bunga," akasema. "Niko." Moyo ukaniuma, na mimi moyo ukiuma mdomo unakimbia. Nikaweka meka juu ya meza nikaanza. Nikamwambia chumba kiko tayari: nikatia konzi. Chokaa nimepaka mwenyewe: konzi nyingine. Vijana wamepanga zamu ya kuja kucheza dame, mzee wa besi atamsomea, soko liko karibu, mbwa wa jirani amekufa: konzi, konzi, konzi. Binti akataka kusema kitu, nikaongeza sauti. Maharagwe yakafika ukingoni, nikapandisha na mlima wa matabishi juu, nikausawazisha kwa kiganja kama ninavyofanya kwa mteja ninayempenda, nikamsogezea. Nilikuwa na jasho na nilikuwa nimeshinda.

Alitazama ule mlima. Kisha akainua miwani.

"Nani amejaza?"

Mungu wangu. Niliangalia mkono wangu, bado una vumbi la maharagwe. Mkono wa muuzaji! Miaka yote ile ya kupewa mgongo ili nijaze mwenyewe, na siku ya kumuuliza yeye, nimemwuzia. Nikasikia joto limepanda mpaka masikioni. Halafu yeye akaanza kucheka, kwanza mabega tu, kisha yote, na mimi nikashindwa kujizuia, na binti akatuangalia kama yule dereva wa basi.

Alimwaga maharagwe yote ndani ya mfuko wangu. "Mugeuke," akasema. "Mweye wote wawili."

Tukageuka, mimi na binti yake, tukatazama ukuta. Mimi kopo nalijua kwa sikio. Yaliingia kidogo, yakasimama. Yakaingia tena kidogo. Nilikuwa naomba moyoni: ongeza, Tata, ongeza. Hayakuongezeka.

"Sasa mutazame."

Haikufika nusu. Binti akashika mdomo. "Papa! Tunakukosesha nini hapa?"

Alinitazama mimi, anangoja. Nikakumbuka. "Nini imepunguka?" nikauliza, na nikafunga mdomo wangu, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini. Televisheni iliuza sabuni, ikauza simu, ikauza bia. Malori yakapita. Mimi nikangoja.

"Yaya yangu," akasema mwishowe. "Ule wa Musumba. Kila dimanche ananiuliza kama ningali mujinga, na anangoja jibu." Akatabasamu kidogo. "Ku mweye wa Kolwezi, mi niko munganga. Hapa kwa binti yangu, mi niko mugonjwa. Kule mi niko mudogo wake, basi. Ananigombeza juu ya mambo ya wakati tulikuwa batoto. Hakuna mwingine anayebaki anajua ile mambo."

"Lakini barabara, Papa! Na dawa ya presha!" Binti alikuwa analia sasa.

"Kiangazi barabara inapitika. Dawa tutapanga, kuna centre ya afya kule, na daktari wetu ana simu. Njo kazi ya kupanga hiyo, mwanangu, tuipange. Lakini muliniuliza."

Nilimtaka Kolwezi. Ninasema wazi, nilimtaka, na chumba kile cha chokaa kiliniuma kama jino. Lakini kopo lilikuwa mezani, na nilijua mkono wa nani umelijaza. Nilimsaidia binti kupanga dawa kwenye mfuko.

Alipita Kolwezi njiani kuelekea Musumba, kiangazi, barabara ilipokauka. Gari lilisimama sokoni, na tulikuwa tumejaa pale: kijana mchimbaji na dada yake, mzee wa besi na mke wake, daktari aliyekuja na miwani mipya. Tata Munganga alishuka akiwa na mwavuli na koti jeupe, kola imechanika vile vile. Akasema anataka maharagwe ya kumpelekea dada yake, akataja bei ya kipuuzi. Nikamtukana inavyostahili, watu wakapiga makofi. Kisha nikafanya jambo ambalo halijafanywa katika soko la Kolwezi tangu liwepo. Nikamwekea meka mkononi, nikampa mgongo.

Nikasikia yanaingia. Yakapita nusu, yakapita robo tatu, yakafika ukingoni. Sikio langu halidanganyiki. Yakaanza kudondoka juu ya gunia, na bado anaongeza.

"Mama Bunga, geuka!" wenzangu wakapiga kelele. "Geuka, huyu muzee anakumalizia mali!"

Sikugeuka.